Miaka 7 Majuu: Maswali Ninayoulizwa Kila Nikikaa Barazani Lindi

Niliishi Hamburg, Ujerumani, kuanzia Septemba 2017 hadi mwisho wa 2024. Miaka 3 ya kwanza nilisomea uuguzi, iliyobaki nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Katikati ya hayo nilisafiri. Tangu nirudi maswali ni yale yale, msibani, harusini, hata dukani ninaponunua vocha. Nimeyaweka hapa ili mtu akiniuliza nimtumie, nisianze tena kusimulia toka uwanja wa ndege. Sheria ninazozitaja ni za mtu aliyekuwa na kibali cha ukaazi cha Ujerumani, na kadhaa zilibadilika nikiwa huko huko. Kabla hujakata tiketi, angalia tovuti ya ubalozi wa nchi unayokwenda.

## Tuanze na mepesi

Ulikuwa unabeba boksi au unatalii?

Nilibeba wazee, si boksi. Kumgeuza mzee wa kilo 90 kitandani saa 11 alfajiri ni kazi, tena ya mgongo. Utalii ulikuja kwenye siku za mapumziko. Wale mliokuwa mnaona picha tu, jueni kwamba kwa kila picha moja ya daraja la Lisbon kulikuwa na zamu za usiku ambazo hakuna aliyezipiga picha.

Umefika nchi ngapi?

16. Nahesabu nchi niliyolala angalau usiku mmoja. Addis Ababa nimepita mara nyingi kuliko Mtwara, lakini kiti cha uwanja wa ndege si kitanda, kwa hiyo Ethiopia haimo. Binamu yangu anahesabu hadi Doha aliponunua maji ya kunywa. Shauri yake.

Mbona pasipoti yako haina mihuri?

Hili mama aliliuliza kwanza. Alifungua kurasa moja moja, akanitazama, akasema: "Mwanangu, una hakika ulitoka nje ya huo mji?"

Sababu ni Schengen, kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle. Tarehe 14 Juni 1985 nchi 5 zilitia saini hapo, ndani ya meli, makubaliano ya kuondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao. Leo ziko 29. Ukishaingia moja, unavuka kwenda nyingine kama unavyotoka Lindi kwenda Mtwara, bila dirisha la uhamiaji. Na mwenye kibali cha ukaazi kwa kawaida hagongewi muhuri hata akitoka nje ya eneo hilo na kurudi. Mihuri yangu ni ya Tanzania, Oman na Bosnia tu.

Safari ya kwanza ilikuwa ipi?

Copenhagen, Aprili 2018, na nilikwenda kwa sababu ya treni. Wakati ule treni ya Hamburg ilikuwa ikifika Puttgarden inaingia yenyewe ndani ya meli. Si mfano wa maneno: reli inaendelea hadi tumboni mwa meli, behewa zinafungwa, abiria mnapanda juu, mnavuka bahari kwa dakika 45, kisha mnarudi vitini na treni inatokea upande wa Denmark huko Rødby. Nilisimama juu ya sitaha nikiikumbuka pantoni ya Kigamboni, isipokuwa hapakuwa na muuza karanga wala mtu wa kunisukuma na baiskeli.

Desemba 2019 huduma hiyo iliondolewa na treni zikaanza kuzunguka kwa nchi kavu. Vijana wanaokwenda sasa hawaamini nikiwasimulia.

## Karatasi

Kibali cha nchi moja kinatosha kwenda zote?

Kutembea, ndiyo: hadi siku 90 ndani ya kila siku 180 katika nchi nyingine za Schengen. Kufanya kazi au kuhamia, hapana.

Watu wanapokosea ni kudhani Umoja wa Ulaya na Schengen ni kitu kimoja. Ireland na Cyprus zimo kwenye Umoja lakini si Schengen, kibali chako cha Ujerumani hakikuingizi Dublin. Uswisi na Norwei hazimo kwenye Umoja, na unaingia bila tatizo. Croatia ilijiunga Januari 2023. Romania na Bulgaria zilianza na viwanja vya ndege na bandari Machi 2024, mipaka ya nchi kavu ikafunguliwa Januari 2025, mimi nikiwa nimeshafunga mabegi.

Kama hakuna mpaka, pasipoti ya nini?

Kwa sababu kibali peke yake ni nusu ya karatasi. Kadi inasema unaruhusiwa kukaa. Pasipoti inasema wewe ni nani. Polisi akitaka, anataka vyote viwili.

Rafiki yangu Mkenya alijifunza kwenye daraja la Øresund, lile la kutoka Copenhagen kwenda Malmö. Uswidi ilirudisha ukaguzi hapo tangu wimbi la wakimbizi la 2015. Basi lilisimamishwa, akatoa kadi yake kwa madaha, pasipoti ameiacha kabatini Hamburg asije akaipoteza. Aliteremshwa na kurudishwa alikotoka. Sisi wengine tukaendelea na safari, na chakula chake tulikuwa nacho sisi. Ujerumani nayo, tangu Septemba 2024, inakagua kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Beba pasipoti.

Na Uingereza? Si tuko Jumuiya ya Madola?

Tuko, na viza tunaomba. Sikuwahi kwenda.

Nje ya Schengen kibali kinasaidia?

Kuliko unavyodhani. Baadhi ya nchi za Balkani zilikuwa zinampokea mwenye kibali halali cha Schengen bila viza kwa siku chache. Bosnia niliingia hivyo. Lakini kila nchi ina sharti lake na hubadilika bila kukuaga, kwa hiyo uliza kwa maandishi, uchapishe jibu, ulibebe. Mtu wa kaunta ya ndege ndiye wa kwanza kukuzuia, na yeye anaiogopa faini kuliko anavyokujali wewe.

Nawezaje kumleta mama anitembelee?

Ombi la kwanza la mama yangu lilikataliwa. Sababu: haikuthibitika kwamba atarudi. Mama alicheka hadi akakaa chini, maana hata Dar humchosha siku ya pili.

Viza ya Schengen ilikuwa yuro 80 wakati ule, tangu Juni 2024 ni 90, na ukikataliwa hairudishwi. Lazima bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Mimi niliandikisha tamko kwa mamlaka ya wageni ya pale nilipoishi kwamba gharama zake zote ni juu yangu, na hilo si karatasi ya mapambo: akikwama, wewe ndiye unayedaiwa.

Kilichobadilika mara ya pili ni ushahidi wa kwamba ana cha kurudia. Tuliambatanisha hati ya shamba la mikorosho, malipo ya msimu kutoka chama cha msingi kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na barua ya serikali ya mtaa. Tuliomba tarehe za Mei na Juni, tukaeleza kwa sentensi mbili kwamba lazima awe nyumbani kabla ya kuanza kuokota korosho. Akapata. Alikaa wiki 5, ya 4 alianza kuulizia palizi.

## Pesa na muda

Pesa ya kuzunguka ulitoa wapi?

Nyuma ya swali hili kuna jingine: mbona hukutuma zaidi? Nalijibu pia. Mshahara ukiingia, kwanza kodi ya nyumba, pili nyumbani Lindi, tatu akiba ya tiketi ya dharura (atakayeishi mbali na wazazi ataelewa), na kilichobaki ndicho kilichosafiri. Mwaka tuliobadilisha bati la nyumba sikwenda popote. 2020 mipaka ilipofungwa kwa korona sikwenda popote pia, na huo ndio mwaka niliofanya kazi nyingi kuliko yote.

Mkataba wangu ulinipa siku 29 za likizo. Ujanja ni kuchukua zamu za sikukuu zao, Krismasi na Pasaka, wenzako wakakushukuru, kisha unadai siku zako Februari au Novemba tiketi zikiwa za bure. Mabasi ya usiku yaliniokolea hoteli. Tangu Mei 2023 kulikuwa na tiketi ya mwezi ya yuro 49, nchi nzima, treni zote za mikoa na mabasi ya mijini, isipokuwa zile treni za kasi. Nilifika nayo hadi Salzburg, ndani ya Austria, kwa kusimama kila kituo kutwa nzima. Sirudii, lakini nilifika. Bei imeshapanda tangu hapo.

Ni kweli ndege ikichelewa unalipwa?

Kweli, na watu wetu wengi hawadai. Kanuni ya Umoja wa Ulaya: ukifika ulikokwenda umechelewa saa 3 au zaidi, na kosa ni la shirika si la hali ya hewa, unastahili yuro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, 400 hadi 3,500, na hadi 600 kwa safari ndefu zaidi.

Safari ikianzia Ulaya, shirika lolote linabanwa, hata la Afrika au la Ghuba. Ikianzia Dar kwenda Ulaya, linabanwa shirika la Ulaya tu. Na tiketi iwe moja hadi mwisho. Ukinunua vipande viwili kuokoa pesa, ndege ya pili ikikuacha ni msiba wako. Mimi nilipata 600 baada ya barua za miezi 5. Barua tatu za kwanza zilijibiwa kwa kuombwa radhi na kupewa vocha ya tiketi. Vocha nilikataa.

## Mizigo

Naweza kupeleka nini cha kwetu?

Dagaa, beba. Samaki wa matumizi yako wanaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya hadi kilo 20. Nilimwonyesha ofisa wa forodha maandishi hayo kwenye tovuti yao wenyewe, akanusa mfuko, akaniruhusu haraka kuliko nilivyotegemea.

Nyama na maziwa, na kila kitokanacho navyo, hapana. Samli ya mama, chupa nzima aliyoifunga kwa kanga mbili, iliishia pipani mbele ya macho yangu. Hiyo ndiyo hasara iliyoniuma kuliko simu niliyoibiwa Barcelona.

Matunda yana mambo ya ajabu. Embe linahitaji cheti cha afya ya mimea. Nazi, ndizi, nanasi na tende hazihitaji. Kwa hiyo nazi pita nayo, embe ulile kabla hujapanda ndege. Korosho zilizokaangwa hazikuwahi kunisumbua, na ndizo zilizonifungulia milango: muuguzi mkuu alinipangia zamu nzuri mwaka mzima kwa kilo 2 za korosho za Lindi.

## Huko njiani

Mfungo na chakula ulifanyaje?

Ramadhani ya 2018 iliangukia Mei na Juni. Kule kaskazini, mwezi huo, jua linazama karibu saa 4 usiku na alfajiri inaingia kabla hujamaliza daku. Siku za mwisho mwisho nilikaa na njaa karibu saa 19, nikiwalisha wazee mchana kutwa. Nilizoea. Kilichonitesa ni upweke wa kufuturu peke yangu jikoni.

Ndiyo maana Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ninaisema sana. Nilifika jioni, nikiburuta begi juu ya mawe ya Baščaršija, soko lao la kale, na adhana ikatoka kwenye msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliopo tangu karne ya 16. Ilitoka nje, mtaani, hadharani. Hamburg adhana yangu ilikuwa kwenye simu. Nilisimama pale mtu wa duka akadhani nimepotea, akaniletea kiti.

Ulibaguliwa?

Ndiyo. Kuna mzee hakutaka mikono yangu imguse kwa wiki 2, kisha akawa hataki ya mtu mwingine. Kuna treni nimekaguliwa peke yangu behewa zima. Sikuacha kusafiri kwa ajili hiyo, na wala sitakuambia hayapo.

Wapi ulisikia Kiswahili bila kutegemea?

Muscat, soko la Mutrah. Nilikuwa nimekaa siku 3 kwa jamaa zetu, nabishana bei ya udi kwa Kiingereza, mzee mwenye kofia akanijibu: "Mwanangu, sema tu unataka kwa ngapi." Familia yake ilitoka Unguja baada ya 1964. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na alinisahihisha mara mbili. Bei hakupunguza.

Brussels pia, mtaa wa Matonge. Wengi wanaongea Kilingala, lakini ukiingia saluni ukakuta watu wa Bukavu au Goma, umefika nyumbani. Kiswahili chao kina mwendo wake, ukikicheka unasukwa vibaya.

Ulaya kuna nini cha kwetu?

Hili huwa naliulizwa kwa utani, na ndilo ninalolijibu kwa kirefu.

Nenda Berlin, Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe. Ukumbi wa kwanza utakutana na mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, mifupa iliyosimama mita 13 na ushei kwenda juu. Tendaguru ni hapa hapa kwetu. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, na anayesemwa kwenye vitabu ni Werner Janensch. Lakini waliochimba, wakafunga, wakabeba kichwani kwa siku 4 hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla, ni babu zetu, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Nimekwenda mara 4. Mara ya tatu nilimsikia mtoto akimwuliza baba yake mnyama huyu ni wa wapi. Baba akasoma kibao, akasema "Afrika". Nilimwinamia mtoto nikamwambia kwa Kijerumani: wa Lindi, mimi pia wa Lindi. Mtoto akanitazama kimo changu, akamtazama mjusi.

Lisbon, katika makumbusho ya sanaa ya kale, kuna chombo cha ibada cha dhahabu kiitwacho Custódia de Belém. Kilitengenezwa 1506 kwa dhahabu ya kodi aliyoilipa mtawala wa Kilwa baada ya Vasco da Gama kufika na mizinga. Ni kazi nzuri sana ya mikono, siwezi kusema uongo. Nilisimama nayo kioo katikati, mlinzi akaniomba nisogee nyuma.

Berlin tena, Neukölln, kuna Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mwanasiasa wetu wa Moshi. Hadi 2021 mtaa huo uliitwa kwa jina la Wissmann, gavana wa ukoloni wa Kijerumani huku kwetu. Kule Wedding, kitongoji kingine cha Berlin, sehemu ya barabara iliyohusishwa na mkoloni Carl Peters tangu Agosti 2024 inaitwa Maji-Maji-Allee. Nilipanda treni kwenda kuona kibao tu. Mvua ilikuwa inanyesha, mwenye duka la mkate akaniuliza ninapiga picha nini.

## Yanayoharibu safari

Ni kosa gani kubwa ulilofanya?

Saa. 2019 nilikuwa narudi Hamburg, tiketi imeandikwa 10:40. Nikampigia mjomba wa Dar aje anichukue, nikamsomea kama ilivyoandikwa: "kumi na arobaini." Mjomba akasikia saa 10 na dakika 40 jioni, kama mtu yeyote mwenye akili. Nami kwa uchovu wa basi la usiku kutoka Lindi nikamwitikia. Tulifika uwanjani saa 7 mchana, tumeshiba wali, na ndege imeondoka saa 4 na dakika 40 asubuhi.

Tiketi husema saa za kuanzia usiku wa manane. Toa 6, ndipo useme kwa Kiswahili, tena taja asubuhi au jioni. Na ikiandikwa 00:20 tarehe 15, unakwenda uwanjani usiku wa tarehe 14. Namjua mtu aliyekosa harusi ya dada yake kwa hilo.

Kibali kikiisha nikiwa safarini?

Omba upya kabla hakijaisha na kabla hujaondoka. Kadi ikichelewa utapewa karatasi ya muda, na hapo soma vizuri kifungu kilichowekewa alama. Anayeongeza kibali alichokuwa nacho hupewa ile ya kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria yao ya ukaazi, anaweza kutoka na kurudi. Aya ya 3 haikurudishi. Karatasi zinafanana kwa rangi, usiamini ya mwenzako.

Nikikaa Bongo muda mrefu?

Ukizidisha miezi 6 nje ya Ujerumani, kibali cha kawaida kinakufa chenyewe, hata kama tarehe kwenye kadi bado mbichi. Ukijua utachelewa, kwa mfano unauguza, omba ruhusa ya maandishi kabla ya kuondoka.

## Baada ya kurudi

Kwa nini hukuchukua uraia wao?

Ujerumani tangu Juni 2024 inakubali uraia pacha. Tanzania kwa mtu mzima haikubali. Wakenya wenzangu walichukua, katiba yao ya 2010 inawaruhusu. Mimi ningelazimika kuingia Lindi kama mgeni. Sikutaka, na sitamlaumu aliyetaka.

Na hapa nyumbani umetembea?

Mliniweza. Kilwa Kisiwani nilifika kwa mara ya kwanza Februari 2025, nikiwa nimeshaiona dhahabu yake Lisbon. Unachukua kibali Kilwa Masoko, unavuka kwa mashua, unatembea ndani ya Msikiti Mkuu kati ya nguzo zake. Nahodha aliniuliza kama ni mtalii, nikamwambia natokea Lindi mjini, akaniongezea bei kwa kuchelewa kuja.

Tendaguru bado. Wanasema hakuna cha kuona, ni kilima na vichaka. Nataka kukiona hicho hicho. Mjomba anasema tungoje njia ikauke. Bodaboda wawili tumeshaongea nao.